Unatumika Wapi? Historia ya Kitenzi Kimoja cha Lubumbashi

Wandugu wa asosiasio, mara hii siandiki juu ya mbolea wala juu ya viwavi wanaokula mahindi yetu. Naandika juu ya neno moja tu, na mtanivumilia, juu mimi ni mtu wa udongo, siko mtu wa lugha.

Jambo lilianza na mdogo wangu. Anasoma Kiingereza kila jioni, kwa sababu kwenye kampuni za madini wanaomba Kiingereza hata kwa yule ambaye kazi yake ni kufungua mlango wa parkingi. Siku moja akaja na daftari. Mwalimu alikuwa amewapa kitenzi kimoja cha Kiingereza, work, akawaambia waandike maana zake zote na maneno yanayofanana nayo. Ukurasa ulikuwa umejaa: kile kitenzi ni cha mtu, ni cha mashine, ni cha dawa inayoponya, hata mpango ukifaulu Waingereza wanakisema. Akaniuliza: "Yaya, hii yote kwa Kiswahili njo kutumika, haiko vile?" Nikamwambia ndiyo. Masini inatumika, dawa inatumika, baba anatumika. Kwetu neno moja linatosha, tukaendelea kula bukari.

Juma lililofuata nilikuwa kwenye parkingi ya malori, njia ya Kasumbalesa, nikipatana bei na dereva mmoja wa Dar es Salaam anibebee mifuko ya mbolea. Tukiwa tunangoja, akauliza nafanya nini maishani. Nikajibu kwa Kiswahili chetu: "Kwa sasa siko natumika, lakini mwaka jana nilitumika miezi saba kwa kampuni moja." Yule bwana akacheka mpaka akashika mlango wa lori. "Walikutumia miezi saba, kaka? Walikutumia kufanyia nini?"

Kwa Kiswahili chake, kitu kinachotumika ni koleo, ni sabuni, ni barabara. Mtu yeye anafanya kazi. Ukisema mtu ametumika, maana yake kuna mwingine aliyemshika kama chombo, akamaliza naye, akamweka pembeni. Nilicheka pia, maana kucheka hakulipishwi. Lakini lile neno lilirudi nami nyumbani.

Nikaanza kuliangalia kama tulivyofundishwa kuangalia mmea: usitazame majani tu, chimba uone mizizi. Mzizi ni kutuma. Kutuma ni kumwambia mwingine aende, afanye, alete. Kutoka hapo linazaliwa kabila nzima la maneno. Mtume ni aliyetumwa na Mungu. Mtumwa ametumwa mpaka hana tena mwili wake mwenyewe. Mtumishi anatumikia. Kutumia ni kukifanya kitu kiende kwa shauri lako, iwe jembe ama feza. Na kutumika ni kuwa katika hali hiyo ya kutumwa. Mtume, mtumwa na mtumishi wa nyumbani wote wametoka kwenye shina moja, na kila mmoja ana mtu juu yake.

Nisieleweke vibaya. Kuna watu wanaosema Kiswahili cha Lubumbashi kimevunjika, kwamba sisi tuliokota maneno ya pwani tukayashika kichwa chini. Sikubali. Hata huko pwani bado wanasema kumtumikia Mungu, na ofisi za serikali yao wanaziita utumishi. Hapa kwetu maana moja tu ya ule mzizi, ile ya kuwa chini ya bwana, ilishika usukani na kusukuma zingine nje ya gari. Swali langu ni nani aliyeipa usukani. Na nauliza kwa sababu yangu mwenyewe.

Mwezi wa tano tulikuwa kwenye kilio cha familia, kule komini ya Katuba. Baba mukubwa, ambaye alilipa sehemu ya masomo yangu na ambaye sitamkosea heshima hata kidogo, aliniita karibu na moto wa usiku.

"We mutoto, sasa unatumika wapi?"

"Baba, siko natumika. Niko nalima. Niko na hekta mbili njia ya Kasenga. Mahindi, kabichi, tomati."

Akatikisa kichwa polepole. "Kulima iko muzuri. Lakini utatumika lini?"

Wazee wengine wakanyamaza, kwa huruma. Siku hiyo nilikuwa nimeamka saa kumi usiku, nimepiga dawa kwenye tomati kabla jua halijapanda, nimeuzisha kreti kumi na moja, nimewalipa watu wawili. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka dawa. Na katika lugha yangu ya mama, sikuwa nimetumika.

Sasa turudi nyuma. Kabla ya mashimo makubwa, watu wa nchi hii walikuwa wakichimba mukuba. Basanga na majirani zao walikuwa na mafundi wa kuyeyusha, wenye chifu wao, wenye dawa zao na miiko yao. Walienda kwenye vilima vya mawe ya kijani wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, mtama ukiwa umeshaingia ghalani. Mvua ikikaribia, walirudi mashambani. Mimi kama mwanaagronomi hilo linanifurahisha sana: mukuba ulikuwa shughuli ya msimu wa ukame, na kalenda ya shamba njo ilikuwa inaamuru. Misalaba midogo ya mukuba waliyomimina ilizunguka mbali kama feza, ikalipa hata mahari.

Na kitenzi chao? Walisema wanakula mukuba. Wakula mukuba, njo jina lao. Mmisionari Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu hapa hapa, aliandika juu yao mwaka 1926 na akaliweka jina hilo kwenye kichwa cha maandishi yake kwa Kifaransa. Fikirini mtu anayekula kilima. Katika kitenzi hicho kuko tumbo, kuko karamu, kuko hatari pia, juu kinacholiwa kinaweza kukukaba. Bwana hayumo. Hakuna aliyetuma.

Kisha akaja Msiri kutoka Unyamwezi, nchi ambayo leo ni Tanzania, akajenga Bunkeya, na misafara ikawa inapita kati ya huku na pwani. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, nasi tulisoma hayo kwenye shule ya msingi. Wengi wanadhani Kiswahili chetu cha mjini ni mjukuu wa misafara ile, moja kwa moja. Ukweli una kona zaidi.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, na ilifika kutoka kusini, si kutoka Matadi wala Dar es Salaam. Kiwanda cha kuyeyushia hapa mjini kiliwashwa mwaka 1911. Kwa hiyo mwanzoni mji huu ulitazama kusini. Wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, makapita walikuwa wamepita kwenye machimbo ya kusini, wazungu wengi walisema Kiingereza, na amri zilitolewa kwa ile lugha ya machimboni ya Afrika Kusini, Fanagalo, ambayo majirani zetu wa Zambia wanaiita Chikabanga. Wabelgiji waliona hatari. Katanga ilikuwa yao kwenye karatasi, lakini masikioni ilikuwa ya Waingereza.

Johannes Fabian, mwanaantropolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha hapa Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, amelieleza jambo hili kwa urefu katika kitabu cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni. Kiswahili kilipewa nafasi kazini, pamoja na sababu zingine, ili kukata kamba ya kusini. Wafanyakazi wakaanza kutafutwa kaskazini, ndani ya Kongo yenyewe. Na kwa ajili ya mabosi wazungu vikachapishwa vitabu vidogo vya maneno. Fabian alivisoma kimoja kimoja, na alichokiona ni kwamba vitenzi vimejaa amri. Lete, beba, ngoja, safisha. Lugha ilifundishwa ili mmoja aseme na mwingine aende. Kumbukeni mzizi wetu.

Mwaka 1910 pia ilianzishwa Bourse du Travail du Katanga, shirika la kutafuta watu wa kazi. Lilifanyaje? Mwajiri alienda kijijini, akakaa na chifu, akaacha zawadi ama vitisho, na chifu akatoa vijana. Ukiuliza kijana aliyefungwa kamba na kusindikizwa mpaka mjini kama alichagua kazi, utakuwa unamchokoza. Alitumwa. Chifu alimtuma, mwajiri alimpokea, kampuni ilimtumia. Mimi sina hati ya kuthibitisha kwamba kitenzi chetu kilizaliwa njiani humo, na mtu wa lugha anaweza kunisahihisha. Lakini ukiwa na neno ambalo ndani yake kuko mtumaji, na ukiwa na mji mzima uliojengwa na watu waliotumwa, sioni kwa nini neno lingetafuta fasi nyingine ya kukaa.

Kuna andiko moja ambalo kila mtoto wa Lubumbashi angepaswa kulijua. Mwaka 1965 André Yav, mtu aliyetumika maisha yake kwenye nyumba za wazungu, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha mjini, kwa jina la watumishi wa nyumbani wa zamani. Akaiita kwa Kifaransa msamiati wa mji wa Elisabethville. Msamiati, tena! Ukiifungua unatafuta orodha ya maneno, unakuta historia: nani alikuja, nani alipiga, nani alikufa, wazungu gani waliitwa majina gani. Fabian aliitoa mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Wasomi wamejadili sana kwa nini Yav aliita historia yake msamiati. Mimi nadhani mzee alijua vizuri. Mtu ambaye maisha yake yote amepokea maneno ya amri anajua kwamba historia yake iko humo humo kwenye maneno.

Miaka ya mwanzo watu walikuja kwa kontra fupi, wakaugua, wakafa wengi, wakatoroka wengi. Mwaka 1928 Union Minière ikabadilisha siasa: kontra za miaka mitatu, mke aje, watoto wazaliwe kambini, wasome kambini, watibiwe kambini. Hapo neno letu likapata kabati lake. Kuandikwa kazi ni kuingia kwenye kitabu. Posho ni chakula unachopewa na kampuni, wala si ulichokilima. Na juu ya kambi kuko mzungu ambaye watu walimwita Changa-changa, anayechanganya, juu yeye njo alichanganya makabila kwenye nyumba za matofali zilizopangwa kwa mstari. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa chuo kikuu chetu, ameandika kitabu kizima juu ya familia za wafanyakazi na baba yao kampuni. Ule msemo mnaujua wote, wazee bado wanausema: kazi njo baba, kazi njo mama.

Usemi huo unanitisha na kunigusa wakati mmoja. Unanigusa, juu mimi mwenyewe nilizaliwa kwenye hospitali ya kampuni, babu yangu alikuwa na namba ya kazi aliyoijua kuliko tarehe ya kuzaliwa kwake. Unanitisha, juu mtoto wa baba kama huyo hawezi kukua. Baba akisema leo kuko unga, kuko unga. Siku atakaponyamaza?

Na kukataa kulikuwako. Desemba 1941, wakati wa vita, bei zilikuwa zimepanda na mishahara imelala. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari wakapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, alikufa pale na wenzake wengi. Babu alikuwa akiita siku ile "siku watu walikatala kutumika". Hakusema kugoma. Kwa wale waliozoea kutumwa, kukatala kulikuwa ni kitenzi kipya, na kilikuwa na damu.

Mtaniuliza: na kulima? Kwa nini shamba lilibaki nje ya heshima? Hapa naingia kwenye nyumba yangu mwenyewe na lazima niseme ukweli wake. Aliyeshika idara ya kilimo kwenye wizara ya makoloni kule Brussels, kuanzia 1910 mpaka 1933, alikuwa mwanaagronomi, Edmond Leplae. Ni yeye aliyesukuma mashamba ya lazima. Sheria ya mwaka 1917 iliruhusu utawala kumlazimisha mwanakijiji alime kilichoagizwa, hasa pamba. Mwaka 1933 wakaweka mpaka wa siku 60 kwa mwaka za kazi za lazima, na mwaka 1942, juu ya vita, zikawa 120. Siku 120! Ondoa msimu wa jua, ondoa magonjwa na vilio, hesabu mwenyewe mtu alibaki na siku ngapi za muhogo wake. Na aliyepita na kamba ya kupimia, akihesabu mistari na kuandika majina ya wavivu, alikuwa ni monitere wa kilimo. Huyo njo babu yangu wa taaluma. Kwenye fakulte hakuna aliyetuambia. Tulijifunza nafasi kati ya mbegu na mbegu bila kujifunza nani aliichapisha nafasi hiyo kwenye migongo ya watu.

Kwa hiyo mtu wa kijiji alikuwa na njia mbili. Abaki alime kwa lazima, alipwe karibu na bure, achapwe fimbo. Ama aende mjini atumike, apate posho, shati na namba. Waliokuja mjini waliacha kijijini kitenzi kulima pamoja na aibu yake. Mjini ukisema fulani analima, watu walisikia: hakuandikwa. Na chakula cha wanaotumika? Kwa sehemu kubwa kilitoka kwa jirani. Mahindi ya Rhodesia yalikuja na gari moshi lile lile lililobeba makaa. Mpaka leo Zambia ikifunga mpaka kwa mahindi, mama zetu wa Kenya na Kamalondo wanajua siku ile ile, kabla ya redio. Tuko na udongo mwekundu, mvua ya miezi mitano na zaidi, mito, na tunangoja malori. Kila mwanagronomi wa mji huu ameulizwa kwa nini. Jibu la asidi ya udongo na bei ya mbolea ni la kweli, nimelitoa mimi mwenyewe mara nyingi. Lakini liko pia jibu la kitenzi, na hilo halimo kwenye kozi.

Uhuru ulipita, Katanga ilijitenga ikarudishwa, na mwaka 1967 Mobutu akaitaifisha Union Minière. Ikawa Gécamines. Kitenzi hakikutaifishwa, kiliendelea tu. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na baba bado alikuwa baba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, yakafuata maporomoko mengine yasiyo ya mawe, na katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa haufiki hata sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Watu waliendelea kuamka na kwenda. Waliingia kazi, walitoka kazi, mwisho wa mwezi hakuna kitu, na mwezi wa pili pia. Kisha mwaka 2003 na 2004, kwa feza ya Benki ya Dunia, zaidi ya watu 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Hiari. Hapo tena, wandugu, ningependa mtu aandike historia ya neno.

Baba yangu mwenyewe alikuwa kwenye orodha hiyo. Nilikuwa mdogo. Namkumbuka asubuhi ya kwanza: alivaa, akakunja mikono ya shati, akafika mlangoni, akarudi, akaketi. Mama ndiye aliyekuwa tayari anauzisha mikate tangu miaka mitatu, na bukari tuliyokula ilitoka kwenye mikate ile. Lakini ukituuliza shuleni nani anatumika nyumbani, tulikuwa tunajibu: hakuna.

Baada ya hapo mji ulitengeneza vitenzi vingine haraka, kama kuni zinavyookotwa mvua ikianza. Kujidebruye, na ile katiba ya mzaha yenye Ibara ya 15 ambayo kila Mkongomani anaijua bila kuisoma. Kutafuta, bila kusema unatafuta nini. Kuuzisha. Kuchimba: Sheria ya Madini ya 2002 iliwatambua wachimbaji wa mikono, na vijana wengi wa Kolwezi na Likasi wakaingia mashimoni na koleo. Nimekaa nao. Wachache sana husema wanatumika. Wanasema wanachimba, na siku ya bahati wanasema wamekula. Sijui kama wanajua kwamba wamerudi kwenye kitenzi cha Basanga, lakini wamerudi. Isipokuwa kwamba kilima sasa kina mwenye karatasi, na mnunuzi njo ana mzani.

Wakati Moïse Katumbi alikuwa gavana, kampuni za madini ziliagizwa kila moja ilime hekta 500. Nakumbuka jirani yetu alipata nafasi kwenye shamba la namna hiyo. Alipalilia mahindi, kitu kile kile ambacho mke wake alikuwa akifanya nyuma ya nyumba kila mwaka. Lakini alikuwa na koti la rangi ya machungwa na kofia ngumu, na watu wa kartie walisema kwa furaha: amepata, anatumika. Mahindi ni mahindi, na tofauti ilikuwa aliyetuma.

Siku hizi watu wanatumika kwa watu wanaotumika kwa wengine. Kampuni ya mgodi inaita kampuni ndogo, kampuni ndogo inamwita kijana kwa kontra ya miezi mitatu, kontra inaisha, anaitwa tena ama haitwi. Ile miezi yangu saba ilikuwa hivyo. Nilikuwa nachukua sampuli za udongo kuzunguka bwawa la maji machafu, na siku moja wakaniambia mradi umeisha. Hakuna aliyenikosea kwa makusudi. Dereva wa Dar alikuwa amelielewa neno vizuri kuliko mimi.

Sasa liko jambo moja ambalo sikulisema pale kwenye kilio. Shambani kwangu, wakati wa palizi, naita mama wawili wa kijiji cha jirani. Mmoja ana umri wa mama yangu, nami namwita mama, yeye ananiita inginieri, jina ambalo mjini hakuna anayeniita. Nawalipa kwa siku. Mwezi uliopita mvua ilitukuta tukajikinga chini ya mwembe, na simu yake ikalia. Alikuwa ni binti yake, nadhani alimuuliza yuko wapi. Akajibu kwa sauti kubwa, juu ya mvua: "Niko natumika! Natumika kwa inginieri!"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeanza kuandika makala hii, nilikuwa na mambo mengi makali ya kusema juu ya watumaji.

Mvua ilipotulia akafunga simu kwenye kitambaa chake, akachukua jembe, akaniuliza: "Inginieri, na kesho tunatumika?"

Nikamwambia ndiyo mama, tutaanzia na ile mistari ya kabichi ya kule chini, karibu na maji.